Kusoma majina marefu ya dawa za shamba: kata vipande, kisha tafuta mkazo



Mara hii tunaacha kidogo mbegu na mbolea, tunaingia katika somo la kusoma. Msishangae. Dawa nyingi tunazopulizia kwenye tomati, shu, maharagi na viazi vya kizungu zinaingia kwetu kupitia Kasindi ao Bunagana. Etikete yake imeandikwa kwa Kiingereza. Chupa zingine za Kenya zina Kiswahili kidogo pembeni, lakini jina la dawa yenyewe linabaki lilelile: refu, gumu, limejaa herufi y, x na th. Mkulima analitazama, anasoma mwanzo wake tu, kisha anasema: «Ile yenye kuanza na meta.» Ao anasema: «Ile yenye kuisha na trini.»

Hapo ndipo hatari iko. Dawa mbili zinaweza kuwa na mwanzo mmoja, lakini moja inaponya majani na nyingine ni chambo cha konokono. Zingine mbili zinatofautiana silabi moja tu, na moja ni mbolea, nyingine ni sumu inayotoa hewa ya kuua. Mtu anayetumwa mjini na feza ya wanachama makumi mawili lazima ajue kusema jina zima, na muuzaji alisikie vizuri. Kiingereza chenyewe si lazima ukijue. Unahitaji mambo matatu: kujua sauti ya herufi, kujua kukata jina vipande, na kujua silabi gani inabeba mkazo.

Mkazo ni nini?

Mkazo ni ile nguvu ya sauti tunayoweka juu ya silabi moja ya neno. Katika Kiswahili hatufikirii, juu mkazo wetu uko karibu kila siku fasi moja: silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema SHA-mba, m-ku-LI-ma, ma-ha-RA-gi. Hata neno likirefuka, mkazo unasogea nalo: LI-ma, li-MI-a, li-mi-A-na.

Kifaransa tulichosoma shuleni kina sheria yake: mkazo unakaa kwenye silabi ya mwisho inayosikika. Ile e ya mwisho haisemwi.

Kiingereza hakina fasi moja. Mkazo unaweza kuwa mwanzoni, katikati, ao karibu na mwisho. Tena silabi zisizo na mkazo zinadhoofika, zinamezwa karibu. Ndiyo maana ukiweka mkazo mahali pabaya, Mwingereza ao muuzaji aliyezoea Kiingereza anaweza kusikia neno lingine kabisa.

Tuchukue dawa moja ambayo wengi wanaijua, ile ya unga ya kuzuia mildiu kwenye tomati na viazi. Kwa Kiingereza inaandikwa mancozeb, kwa Kifaransa mancozèbe. Sasa sikilizeni midomo mitatu. Herufi kubwa zinaonyesha mkazo:

Mkulima wetu kwa Kiswahili: man-ko-ZE-bu.
Agronomu aliyesoma kwa Kifaransa: man-ko-ZEB.
Etikete ya Kiingereza: MAN-ko-zeb.

Dawa ni ileile moja. Hapa hakuna mwenye kukosea, kila mmoja anafuata sheria ya luga yake. Lakini ukisimama mbele ya mtu anayejua luga moja tu, inafaa umpe jina katika sauti anayoijua.

Hatua ya kwanza: jua sauti za herufi

Kiswahili kinasomwa vile kinaandikwa. Kiingereza sivyo. Kwa bahati nzuri, majina ya dawa yanatumia herufi chache zinazorudirudi. Andikeni hizi kwenye kaye:

Ph inasomwa f. Phosphate ni FOS-feit.

Ch mbele ya l inasomwa k. Chloride ni KLO-raid, si «chloride» yenye ch ya chai.

C mbele ya e, i ao y inasomwa s. Mbele ya a, o, u inasomwa k. Basi cy- ni sai, na ca- ni ka.

Y katikati ya jina mara ni ai, mara ni i fupi. Mwanzoni, katika cy-, gly- na hydro-, ni ai: sai, glai, haidro. Mwishoni, katika -xyl, ni i: ksil.

Di- mwanzoni mwa jina inasomwa dai, na maana yake ni mbili. Tri- inasomwa trai, maana yake ni tatu.

X inasomwa ks. Qu inasomwa kw.

Th ni ile ya «thamani» na «thelathini» vile zinavyoandikwa, ulimi ukiwa kati ya meno. Wengi wetu hapa Kongo tunaisema kama s. Haina shida kubwa, lakini ukiandika, andika th, usiandike s wala t peke yake.

E ya mwisho haisemwi, lakini inageuza sauti ya mbele yake: -ate inakuwa eit, -ide inakuwa aid, -ite inakuwa ait.

Tujaribu neno moja: glyphosate. Hii ni dawa ya kuua majani, inaua karibu kila mmea wa kijani unaoguswa. Gly ni glai. Pho ni fo. Sate ni seit. Jina zima: GLAI-fo-seit, mkazo mwanzoni. Kwa Kifaransa linaandikwa vilevile kabisa lakini linasemwa gli-fo-ZAT. Basi mukisikia «glaifoseit» na «glifozati», musifikiri ni dawa mbili.

Hatua ya pili: kata jina vipande

Jina refu ni kama mzigo wa miwa: hauwezi kuubeba wote kwa mara moja, unafungua na kuchukua muwa mmoja mmoja. Majina haya hayakuanguka tu kutoka mbinguni. Yanapangwa kimataifa, kuna kanuni ya ISO yenye namba 1750 inayoandika majina ya dawa za shamba kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Wenye kupanga majina wanatumia vipande vilevile kila mara, na kipande mara nyingi kinatuambia jamaa ya dawa.

Kwanza tafuta vipande vyenye maana. Kisha ndani ya kila kipande hesabu silabi.

Mfano: chlorpyrifos. Vipande ni chlor, pyri, fos. Chlor inatoka kwa klorini, fos inatoka kwa fosforasi. Silabi ni nne: klor-pi-ri-fos. Mkazo uko kwenye ya pili: klor-PI-ri-fos. Dawa nyingi zinazoisha na fos ni za jamaa ya organofosfati. Ni dawa za vidudu zinazoshika mishipa ya fahamu, ya kidudu na ya mtu pia. Ukiona fos mwishoni, ujue glovu na mavazi ya kukinga si mapambo.

Mfano wa pili: cypermethrin. Vipande ni cy, per, methrin. Silabi nne: sai-per-ME-thrin. Mwisho wa thrin unaonyesha jamaa ya pairethroidi. Hizi ni dawa za vidudu zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, yale maua meupe yaliyolimwa miaka mingi kwenye milima ya Kivu Kaskazini. Ndugu zake ni permethrin, per-ME-thrin, na deltamethrin, del-ta-ME-thrin. Angalieni: katika zote tatu mkazo uko kwenye silabi inayotangulia thrin. Lakini kuna mmoja wa jamaa hiyo anayeenda njia yake: lambda-cyhalothrin. Yeye ni LAM-da sai-HA-lo-thrin. Ile b ya lambda haisemwi.

Mfano wa tatu: emamectin. Silabi nne: e-ma-MEK-tin. Ndugu yake abamectin ni a-ba-MEK-tin. Na nyote munajua ivermectin, ile dawa inayogawiwa vijijini juu ya upofu wa mtoni: ai-ver-MEK-tin. Mwisho wa mectin unabeba mkazo kwenye mek kila mara.

Mfano wa ine: imidacloprid. Silabi tano: i-mi-da-KLO-prid. Kwa Kifaransa ni imidaclopride. Dawa zenye kuisha na prid zinaingia ndani ya mmea na kuua vidudu vinavyofyonza maji ya majani. Pia ni sumu kwa nyuki, basi hazipulizwi wakati maua yamefunguka.

Kuna jambo moja la mdomo wetu. Kiswahili kinapenda silabi iishe na sauti wazi: a, e, i, o, u. Kwa hiyo tunaongeza: «imidakilopridi», «kloropirifosi». Kwa kusemezana sisi kwa sisi, haina shida. Lakini kila sauti unayoongeza inazaa silabi mpya, na mkazo wa Kiswahili unakimbilia mwisho. Imidacloprid ya silabi tano inakuwa ya silabi saba, na mkazo unahama kutoka KLO hadi PRI. Mtu wa Kampala hataitambua upesi. Ukitaka akusikie, hesabu kwa vidole: silabi tano, vidole vitano, na kidole cha ine ndicho chenye nguvu.

Hatua ya tatu: mkia unakuonyesha mkazo

Wengi wanafikiri mkazo wa Kiingereza ni bahati nasibu. Hapana. Katika maneno marefu ya kemia, mwisho wa neno, tuuite mkia, unatuonyesha wapi mkazo unakaa. Hii hapa mikia sita ya kukumbuka.

Mkia -cide, yaani kuua. Hesabu silabi tatu kutoka mwisho, mkazo uko pale. Dawa ya vidudu ni insecticide, in-SEK-ti-said. Dawa ya majani ni herbicide, HER-bi-said. Dawa ya magonjwa ya kuvu ni fungicide, FAN-gi-said, na wengine wanasema FAN-ji-said. Dawa ya kupe na utitiri ni acaricide, a-KA-ri-said. Neno hili limeandikwa mara nyingi kwa herufi kubwa kwenye etikete. Ukijua kulisoma, umekwisha kujua kama ulichoshika kinaua vidudu ao kinaua maharagi yako.

Mkia -ium. Mkazo uko kwenye silabi inayotangulia -ium. Calcium ni KAL-si-am. Potassium ni po-TA-si-am. Ammonium ni a-MO-ni-am. Aluminium ni a-lu-MI-ni-am. Sheria hii haikosi karibu hata mara moja.

Mkia -ate. Kama neno lina silabi mbili, mkazo uko mwanzoni: nitrate ni NAI-treit, sulphate ni SAL-feit, phosphate ni FOS-feit. Kama lina tatu ao zaidi, mara nyingi hesabu tatu kutoka mwisho: glyphosate ni GLAI-fo-seit, carbonate ni KAR-bo-neit, benzoate ni BEN-zo-eit. Lakini neno likijengwa juu ya lingine, mkazo wa zamani unabaki: superphosphate ni su-per-FOS-feit.

Mkia -ide ya chumvi na oksidi. Ya silabi mbili inachukua mkazo mwanzoni: chloride ni KLO-raid, oxide ni OK-said. Ikijengwa juu ya nyingine, inabaki na mkazo wake: ile dawa ya shaba ya kijani ya kahawa na tomati, copper oxychloride, ni KO-per ok-si-KLO-raid.

Mkia -ic. Mkazo uko kwenye silabi inayotangulia: organic ni or-GA-nik. Neno systemic, lenye kuonyesha dawa inayoingia na kutembea ndani ya mmea, ni sis-TE-mik.

Mkia -ity. Mkazo unasogea hadi silabi ya tatu kutoka mwisho. Toxic, yaani yenye sumu, ni TOK-sik. Lakini toxicity, yaani ukali wa sumu, ni tok-SI-si-ti. Angalia mkazo ulivyohama kwa sababu ya mkia tu.

Kifaransa kinatusaidia

Sisi wa Kongo tuna bahati moja: shule ilitupa Kifaransa. Mikia ya -ate na -ite ilipangwa na wanakemia wa Ufaransa mwaka 1787, Guyton de Morveau, Lavoisier na wenzao. Kiingereza kiliichukua kutoka kwao. Ndiyo maana nitrate ni nitrate katika luga zote mbili, na nitrite ni nitrite.

Pale ambapo luga zinaachana, kumbukeni jambo moja: mahali Kifaransa kinasema -ure, Kiingereza kinasema -ide. Chlorure inakuwa chloride. Sulfure inakuwa sulphide. Phosphure inakuwa phosphide. Tena maneno yanageuka nyuma mbele: chlorure de potassium ni potassium chloride. Kifaransa kinaanza na chumvi, Kiingereza kinaanza na madini. Ukijua hivyo, etikete ya Kiingereza unaigeuza mwenyewe kichwani na kuielewa.

Majina yanayofanana, na hatari yake

Sasa tunafika kwenye moyo wa somo. Someni kwa sauti, mmoja asome, wengine wasikilize.

Metalaxyl na metaldehyde. Zote zinaanza na herufi tano zilezile: m, e, t, a, l. Zote zina silabi nne. Lakini mkazo hauko fasi moja. Ya kwanza ni me-ta-LAK-sil. Ya pili ni me-TAL-di-haid. Metalaxyl ni dawa ya mildiu, inaingia ndani ya mmea, na mara nyingi inachanganywa na mancozeb katika pakiti moja. Metaldehyde ni chambo cha konokono. Fikirieni mtu amesema kwa simu «ile dawa ya meta» na ameletewa chambo. Viazi vimeshikwa na mildiu, mvua inanyesha, baridi iko. Katika hali ile mildiu inaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Wakati wa kurudi mjini kubadilisha hakuna. Na ile chambo ikibaki nyumbani, mbwa ao kuku wakiila, inaua.

Phosphate na phosphide. FOS-feit na FOS-faid. Mkazo uko fasi moja, tofauti iko kwenye silabi ya mwisho, ile dhaifu, ile inayomezwa. Diammonium phosphate, dai-a-MO-ni-am FOS-feit, ndiyo DAP, mbolea ya kupandia, yenye namba 18-46-0. Aluminium phosphide, a-lu-MI-ni-am FOS-faid, ni vidonge vya kuua vidudu vya gala. Vidonge vile vikikutana na unyevu vinatoa hewa ya fosfini, na hewa ile inaua watu waliolala nyumbani. Hata unyevu wa hewa tu unatosha. Usiweke kamwe vidonge hivi katika nyumba wanamolala watu, hata kama magunia ya mahindi yamejaa vidudu. Hapa mkazo hautoshi kututenganishia. Lazima useme silabi ya mwisho wazi, kisha uongeze: «mbolea, 18-46-0», ao kwa Kifaransa: «phosphate, si phosphure».

Malathion na parathion. Ma-la-THAI-on na pa-ra-THAI-on. Silabi nne kila moja, mkazo fasi moja, na sikio linakamata THAI-on tu. Tofauti iko mwanzoni. Malathion iko katika daraja la tatu la sumu la OMS. Parathion iko katika daraja la juu kabisa, zile za hatari kupita zote. Mukisikia jina linaisha na THAI-on, muulize mara mbili mwanzo wake.

Paraquat na parathion pia zinaanza sawa: para. Paraquat ni PA-ra-kwot, silabi tatu, mkazo mwanzoni. Ni dawa ya kuua majani. Umoja wa Ulaya hauikubali tangu mwaka 2007. Kiasi kidogo kikimezwa kinaweza kuua mtu, na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Ndiyo maana hatuiweki kamwe katika chupa ya Fanta ao ya maji.

Neno juu ya rangi: chini ya etikete nyingi kuna mstari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali, manjano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Rangi inasaidia mtu asiyejua kusoma, lakini haisemi dawa ni ya nini. Dawa ya majani na dawa ya vidudu zinaweza kuwa na manjano ileile. Tena paraquat yenyewe mara nyingi inabeba manjano, si nyekundu, na tumeona vile inaua. Rangi na jina vinatembea pamoja, moja haifuti ingine.

Namna ya kuagiza kwa simu

Wanachama wengi wanaagiza dawa kwa simu, na simu yetu inakatika, upepo unapuliza, pikipiki inapita. Fuateni mpango huu.

Kwanza, sema kazi ya dawa: ya vidudu, ya mildiu, ya majani, ao mbolea. Usianze na jina.

Pili, sema jina polepole, silabi kwa silabi, ukiweka mkazo mahali pake: «me-ta-LAK-sil, silabi nne.»

Tatu, taja herufi za jina moja kwa moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Herufi ya x na y uzirudilie.

Ine, sema namba na herufi zinazofuata jina. Mancozeb 80% WP ni unga wa kuchanganya na maji. Cypermethrin yenye EC ni ya mafuta, ikiingia kwenye maji inageuka kama maziwa. Namba ikibadilika, kipimo cha kutia ndani ya pompi kinabadilika pia.

Tano, mwambie mwenye kusikia arudilie yote. Kama hajarudilia, agizo halijafika.

Kama mtumwa wenu yuko na simu ya picha, apige picha ya etikete mbele ya depo na kuituma kabla ya kulipa. Feza ikishatoka, kuirudisha ni kazi.

Kwa wazee na mama wasiosoma: mkazo unawafaa zaidi kuliko sisi wenye kusoma, juu unashikwa kwa sikio. Piga kofi moja kwa kila silabi, na kofi kubwa juu ya silabi yenye mkazo. Me-ta-LAK-sil: dogo, dogo, kubwa, dogo. Me-TAL-di-haid: dogo, kubwa, dogo, dogo. Mtu akishika mapigo haya, hatadanganywa na mwanzo wa jina. Watoto wa shule wanaweza kuwa waalimu wa jioni.

Mazoezi ya kikundi

Gawanyeni watu watatu watatu. Kila kikundi kikate majina haya, kihesabu silabi, kitafute mkazo, kisha kiseme ni kitu gani:

1. Potassium nitrate
2. Dimethoate
3. Abamectin
4. Rodenticide
5. Tebuconazole
6. Thiamethoxam

Musitazame majibu kabla ya kujaribu.

Majibu

1. Po-TA-si-am NAI-treit. Silabi nne na mbili. Mkia -ium unaweka mkazo mbele yake, na nitrate ya silabi mbili inaanza na mkazo. Kwa Kifaransa ni nitrate de potassium. Ni mbolea.

2. Dai-ME-tho-eit. Silabi nne. Mkia -ate, hesabu tatu kutoka mwisho. Ni dawa ya vidudu, ya jamaa ya organofosfati, ingawa haina fos mwishoni. Basi mkia unasaidia, lakini etikete inasomwa yote.

3. A-ba-MEK-tin. Silabi nne. Inaua utitiri na vidudu vingine vidogo.

4. Ro-DEN-ti-said. Silabi nne, mkia -cide, mkazo wa tatu kutoka mwisho. Si jina la dawa moja, ni jina la kazi: sumu ya panya.

5. Te-byu-KO-na-zol. Silabi tano. Mwisho wa conazole ni wa jamaa ya dawa za magonjwa ya kuvu, na mkazo uko kwenye ko. Ndugu yake difenoconazole anafuata njia hiyohiyo.

6. Thai-a-me-THOK-sam. Silabi tano, mkazo kwenye ya ine. Ni dawa ya vidudu, mara nyingi inapakwa juu ya mbegu. Mbegu yenye rangi ya dawa haioshwi ili iliwe, wala haipewi kuku.

Mwenye kupata zote sita anaweza kutumwa mjini. Mwenye kupata tatu, arudilie sehemu ya mikia. Na kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kiandike kwenye kaye majina ya dawa zote zilizo sasa katika gala la kooperativi, silabi zikiwa zimekatwa, mkazo ukiwa kwa herufi kubwa, na kando yake neno moja la Kiswahili: vidudu, mildiu, majani, panya, ao mbolea. Kaye hiyo ikae mlangoni mwa gala, ifungwe kwa kamba, ili kila mwenye kuchukua dawa aisome kwa sauti kabla ya kuondoka nayo.